Usagara: Nchi Iliyobakia Jina la Stesheni

Reli ya Kati ikisha kuiacha Kilosa na kuelekea bara, huingia katika bonde la mto Mkondoa, ambamo milima husogeleana kutoka pande mbili hata reli na mto vikalazimika kugawana njia moja nyembamba. Na humo bondeni stesheni hufuatana kwa majina ambayo watu wa reli huyajua kwa moyo, nayo ni Munisagara, Mzaganza, Kidete, Godegode na Gulwe. Aghalabu majina haya husikika nchini wakati wa masika tu, maji yanapokuwa yamezoa tuta na treni zimesimama, kisha husahauliwa mpaka masika mengine. Hiyo si haki yake. Lile la kwanza, ambalo msafiri wa kwenda Kidete hulipita akiwa bado anapanga mizigo yake, ni masalio ya jina lililowahi kusomwa mbele ya wafalme: Munisagara ni Mwinyi Sagara, bwana wa Sagara, na Usagara ndiyo nchi iliyotangulia kutajwa katika hati ambayo kwayo, mwaka 1885, Dola ya Ujerumani ilianza kuitia Afrika ya Mashariki katika himaya yake.

Leo hakuna mkoa uitwao Usagara, wala wilaya. Watoto wa Kidete huandika katika daftari zao kwamba wao ni wa Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro, na hilo ni sahihi. Lakini ardhi wanayoikanyaga ilikuwa na jina lake kabla Kilosa haijawa boma na kabla Morogoro haijawa makao ya serikali, na jina hilo, tofauti na mengi yaliyopotea, halikupotea kwa sababu wenyewe walihama au walikwisha. Wasagara wako. Kilichoondoka ni jina la nchi yao katika karatasi za utawala, na jinsi lilivyoondoka ni habari inayostahili kusimuliwa kwa taratibu.

Kanuni ya lugha zetu katika jambo hili ni nyepesi na ya zamani sana: mtu ni Msagara, jamaa zake ni Wasagara, usemi wao ni Kisagara, na nchi wanayokaa, kwa kuwa wao wanakaa humo, ni Usagara. Nchi hupata jina kwa watu, na mipaka yake ni pale ambapo jirani huanza kusema kwa namna nyingine. Ndivyo misafara iliyotoka Bagamoyo ilivyoipima safari yake ya kwenda Tabora na Ujiji: Uzaramo kwanza, kisha Ukutu, kisha Usagara penye milima, kisha Ugogo penye ukame na hongo nzito, ndipo Unyamwezi. Burton na Speke walipopita mwaka 1857, na Stanley alipopita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, waliupokea mpangilio huo kutoka kwa wapagazi na viongozi wao wa njia, wakauandika kama walivyousikia. Mto Mkondoa wakauita Mukondokwa, na katika bonde hilo wakataja kijiji walichokiandika Kadetamare, jina ambalo msomaji wa Kidete hawezi kulipita bila moyo wake kushtuka kidogo.

Usagara ya wasafiri hao ilikuwa kubwa kuliko Usagara ya Wasagara wenyewe. Kila mlima uliosimama kati ya mbuga ya Mkata na nyika za Ugogo waliutia humo, pamoja na Mamboya, ambayo ni ya Wakaguru, na hata Mpwapwa, ambako wamisioni wa Kiingereza wa CMS walifika mwaka 1876. Haikuwa hila, ni kawaida ya mgeni kulichukua jina la kwanza alilolisikia njiani na kulitandaza juu ya kila akionacho. Lakini kosa dogo la msafiri, likiingia katika ramani, hupata nguvu ambazo mwandishi wake hakuzikusudia, na wale waliokuja baadaye kutafuta nchi ya kuchukua waliikuta Usagara imekwisha kuchorwa kama dola moja pana, ilhali katika milima yenyewe hapakuwa na mfalme wala dola. Palikuwa na koo, na wakubwa wa koo, na vijiji ambavyo kila kimoja kilikuwa na mzee wake aliyejua makaburi na chemchemi. Na baadhi ya wazee hao, kwa kukaa kando ya njia ya misafara na kupokea wageni wa pwani, walikuwa wamepata nguo, bunduki na vyeo vya Kiswahili. Mwinyi ni cheo cha namna hiyo. Unguja walikuwa na Mwinyi Mkuu wao pale Dunga, na mji wowote wa Mrima ulikuwa na mamwinyi wake; kulikuta neno hilo ndani kabisa ya bonde la Mkondoa ni ushahidi wa jinsi bara na pwani zilivyokuwa zimekwisha kuzoeana kabla Mzungu yeyote hajaleta karatasi.

Karatasi zililetwa Novemba 1884. Carl Peters, kijana wa Kijerumani wa miaka 28, akiwa pamoja na Karl Jühlke, Joachim von Pfeil na August Otto, alivuka kutoka Unguja hadi Saadani, akapanda bara kwa haraka kupita Uzigua na Nguru, na katika muda wa majuma machache akawa na mikataba kumi na miwili mkononi. Mkataba ambao kila mwanafunzi wa Tanzania ameusikia ni ule wa tarehe 29 Novemba, uliotiwa alama ya Mangungo wa Msovero. Siku chache baadaye Peters alikuwa kwa huyo Mwinyi Sagara, ambaye wao walimwandika Muinin Sagara wakidhani ni jina lake aliloitwa na mamake, na kwa mkataba naye wakajihesabu kuwa wamepata Usagara nzima.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu jambo hili shuleni hupitiwa upesi mno. Tumezoea kufundisha kwamba Mangungo alidanganywa kwa kuwa hakujua kusoma, na fundisho hilo, ingawa lina ukweli, humwachia aibu mtu asiyestahili. Aliyekosa elimu katika siku ile alikuwa Peters. Mangungo alijua mipaka ya mamlaka yake: alijua kwamba ardhi ya Msovero haikuwa mali yake ya kutoa, bali ni amana ya koo, na kwamba mgeni anayeleta zawadi na kutaka urafiki hupewa mahali pa kujenga na ulinzi wa mwenyeji wake. Peters hakujua lolote katika hayo, wala hakutaka kujua. Alihitaji sultani wa kutia alama, na asipokuwapo sultani alimfanya awepo kwa kumwandika. Mikataba ile ilimtambulisha kila mwenye kijiji kuwa mtawala kamili, ikaongeza kwamba hana utii wowote kwa Seyyid wa Zanzibar, na hati ya Msovero ilifika hadi kudai kwamba Mangungo hakuwa hata na habari ya kuwapo kwa Seyyid huyo. Dai hilo, kwa mtu aliyeishi karibu na njia ambayo bidhaa za Zanzibar zilipita kila mwaka, na katika nchi ambayo askari wa Seyyid Barghash walikuwa wamekwisha kufika hata Mamboya, halihitaji kupimwa mara mbili.

Peters alirudi kwao akiwa na haraka ile ile aliyokuja nayo. Otto hakurudi, maana alifia Usagara. Mkutano wa Berlin ulifungwa tarehe 26 Februari 1885, na kesho yake, tarehe 27, ikatolewa hati ya Kaiser Wilhelm wa Kwanza iliyoiweka himayani nchi ya chama cha ukoloni alichokuwa amekianzisha Peters, na nchi hiyo ikatajwa kwa majina manne: Usagara, Nguru, Useguha (yaani Uzigua) na Ukami. Barghash alipopata habari alipinga kwa simu na kwa barua, akisema nchi hizo ni zake. Agosti ya mwaka huo manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri yake, na upinzani ukaishia hapo. Basi kwa muda wa miezi michache jina la milima hii lilikuwa mezani mwa Kansela Bismarck na katika magazeti ya Ulaya, likitamkwa na watu ambao wasingeweza kuonyesha kwa kidole mahali lilipo.

Halikudumu katika utukufu huo. Walipokwisha kuipata nchi pana zaidi, Wajerumani waliiita yote Afrika Mashariki ya Kijerumani, na utawala wakaupanga kwa maboma, si kwa makabila. Boma lilihitaji njia, maji na soko, na reli ilipofika Morogoro mwaka 1907 na Kilosa mwaka 1909, kabla ya kuendelea Dodoma, Tabora na hatimaye Kigoma mwaka 1914, miji ya stesheni ikawa ndiyo majina ya kuandikia barua. Zamani mtu aliulizwa yeye ni wa watu gani. Sasa aliulizwa yuko chini ya boma lipi. Katikati ya mabadiliko hayo palikuwa na Vita vya Maji Maji, ambavyo katika mwaka 1905 vilifika hata Kilosa, na ambamo Wavidunda na Wasagara walikuwamo.

Waingereza walipoirithi nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza walikuwa na kazi ya kuipa yote kwa jumla jina moja, na katika mapendekezo yaliyowekwa mezani mlikuwamo Smutsland na Windsorland. Tunashukuru kwamba mwaka 1920 walichagua Tanganyika, jina la ziwa letu. Chini ya siasa yao ya kutawala kwa kupitia machifu, Usagara ilipata tena uhai kidogo: katika Wilaya ya Kilosa Wakaguru, Wasagara na Wavidunda walikuwa kila mmoja na mamlaka yake ya wenyeji. Lakini mwaka 1963 serikali ya uhuru ilifuta utawala wa machifu, na mikoa na wilaya zikabaki na majina ya miji, mito, milima na maziwa: Morogoro, Ruvuma, Kilimanjaro, Rukwa, na baada ya vita vya Idi Amin, Ziwa Magharibi ikawa Kagera. Siulaumu uamuzi huo. Nchi yenye makabila zaidi ya mia ilikuwa na haki ya kuogopa ramani inayomwambia kila mtu kwamba hapa ni kwa fulani na wewe mgeni upite, na amani tuliyoipata kwa kuwa Watanzania kwanza ni mali kubwa kuliko jina lolote. Ninachosema ni kwamba jina lililoondolewa katika utawala halikupasa kuondolewa pia katika maarifa.

Neno wilaya lenyewe lina kisa ambacho Kilosa, kuliko mahali pengine, ingeweza kukidai. Asili yake ni Kiarabu, maana yake ni eneo lililo chini ya mamlaka ya wali, yule ambaye sisi tulimwita liwali. Na neno hilo hilo la Kiarabu, kwa kupita katika vinywa vya Waajemi na Wahindi waliolitumia kwa nchi ya mbali watokako watawala, ndilo lililotupa Ulaya. Ndani ya Wilaya ya Kilosa imo kata iitwayo Ulaya, si mbali na bonde hili, na hivyo wakazi wake hulitaja neno moja mara mbili kila wanapoandika anwani zao.

Mambo haya si ya Afrika peke yake. Huko Uingereza majimbo kadhaa yamepata majina kwa kanuni ile ile ya U- na Wa-: Essex ni nchi ya Wasaksoni wa mashariki, Sussex ya wale wa kusini, Norfolk ni watu wa kaskazini. Kent ni ya zamani zaidi. Julius Caesar aliitaja katika maandiko yake ya vita, karne nyingi kabla Waingereza hawajafika kisiwani, na waliofika baadaye kwa upanga waliwaondolea wenyeji utawala lakini wakaliacha jina. Na Middlesex, nchi ya Wasaksoni wa kati, ilimezwa na London ikafutwa kama eneo la utawala mwaka 1965. Hata hivyo watu waliendelea kuiandika katika anwani zao, na timu yao ya kriketi inaitwa hivyo hata leo. Waingereza wana vyama vya wataalamu ambavyo kazi yake ni kuandika asili ya kila kijiji, kila kijito na kila kichaka cha nchi yao, jimbo baada ya jimbo, na hakuna anayeona kuwa ni upuuzi.

Mfano ulio karibu zaidi unanigusa zaidi. Jirani zetu wa Kenya, kwa katiba yao ya mwaka 2010, waligawa nchi katika kaunti 47, na moja kati ya hizo, ambayo makao yake ni Eldoret, ni Uasin Gishu. Hao waliokuwa Uasin Gishu ni kundi la Wamasai waliovunjwa na kutawanywa katika vita vya karne ya kumi na tisa. Uwanda wao ulikaliwa na wengine, wakaja walowezi, wakaondoka, na jina likapita mikononi mwa wote hao likawa leo la serikali ya kaunti, na gavana na bunge lake. Uasin Gishu jina lilibaki na wenyewe wakaondoka. Usagara wenyewe wamebaki na jina likaondoka.

Nalo likaondoka kwenda mbali. Tanga ipo shule ya sekondari iitwayo Usagara, na huko Misungwi, kusini ya Mwanza, msafiri wa kwenda Busisi hupita njia panda ya Usagara penye soko na magari mengi. Ukimwambia kijana wa leo neno hilo, yamkini atafikiria samaki wa Ziwa kabla ya kufikiria milima ya Kilosa. Hata milima yenyewe imebadilishiwa jina. Katika ramani na vitabu vya wataalamu wa misitu ile iliyokuwa milima ya Usagara sasa ni milima ya Rubeho, jina ambalo Burton alielezwa kuwa ni la upepo, na yeyote aliyepata kulala huko juu mwezi wa Julai hatashindana na maelezo hayo. Wakaguru na Waluguru walibahatika: milima yao bado inaitwa Ukaguru na Uluguru, na Waluguru wana haki mara mbili, kwa kuwa jina lao maana yake ni watu wa mlimani.

Mto nao una majina kwa daraja. Unashuka kutoka upande wa Dodoma na Mpwapwa ukiitwa Kinyasungwe, katika bonde la Kidete na Kilosa ni Mkondoa, mbugani huitwa Mkata, na unapoingia baharini karibu na Saadani, mahali pale pale alipoanzia safari Peters, ni Wami. Mtu wa ofisini huona hapo mto mmoja wenye majina manne ya kumchanganya. Mkazi wa bondeni huona vingine: Kinyasungwe ni mto wa mchanga ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka humwachia mtu kupita kwa miguu mikavu, na Mkondoa ni ule unaokuja usiku kwa sababu ya mvua iliyonyesha mahali ambapo wewe hukuliona wingu lake. Desemba 2009 na Januari 2010 mto huo ulivunja kingo, ukahamisha maelfu ya watu wa Kilosa na kuikata reli kati ya Kilosa na Gulwe hata safari zikasimama kwa miezi. Wanaojua majina ya vijito vyote vinavyoingia Mkondoa kati ya Kidete na Godegode, na sababu ya kila jina, wana elimu ambayo mhandisi anaihitaji, na kwa kiasi kikubwa elimu hiyo imo vichwani mwa watu waliokwisha kuzeeka.

Ndiyo maana naona saa hii ni ya kuharakisha. Kidete sasa ina stesheni katika reli mpya ya kisasa, ambayo tangu Julai 2024 hubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma kwa saa chache, ikipenya milima ya Kilosa kwa mahandaki. Treni iendayo mbio kiasi hicho haimpi msafiri nafasi ya kuuliza majina ya njiani. Mwaka 2012 Gairo ilikatwa kutoka Kilosa ikawa wilaya yake, na hakuna shaka mipaka itazidi kugawanywa, kila mara kukiwa na karatasi mpya na majina mapya. Na mwaka huo huo wa 2024, mwezi Agosti, jiji la Berlin liliifutia jina barabara iliyoitwa Petersallee, ambayo utawala wa Hitler uliipa jina la Carl Peters mwaka 1939. Mwaka 1986 walijaribu kuihamishia kwa Peters mwingine, mtu mwema aliyepinga utawala huo, lakini haikutosha, na sasa sehemu yake moja imepewa jina la Anna Mungunda wa Namibia na nyingine jina la Maji Maji. Wajerumani wamefanya hesabu yao kuhusu jina la mwenye kalamu. La waliotiwa katika karatasi ni letu kulifanyia hesabu.

Nisingependa tuanze kwa kudai wilaya. Ningependa tuanze Munisagara, kwa kibao stesheni kimwambiacho msomaji kwamba Mwinyi Sagara ni cheo cha mtu, kwamba nchi yake iliitwa Usagara, kwamba ilienea kutoka wapi hadi wapi kwa maneno ya wenyewe, na kwamba mkataba wa 1884 ulimwandika kuwa sultani wa nchi isiyokuwa na sultani. Walimu wa Kidete, Msovero, Ulaya na Mamboya wana wanafunzi, na wanafunzi wana mabibi na mababu. Kila shule ikipewa kijito kimoja na kilima kimoja, na mtoto akatumwa kuuliza nani alikipa jina, kilikuwa kinaitwaje kabla ya hapo, na jirani wa ng'ambo wanakiitaje, katika mihula michache bonde zima litakuwa limeandikwa. Swali la kulitanguliza liwe juu ya Kidete yenyewe, na waulizwe walio wakubwa kwa umri kabla ya wengine.